Kyalo, Kunguru Alikuja

Kyalo rafiki yangu,

Habari za huko sikuulizi, kwa sababu hutanijibu na mimi sina subira ya kujijibu mwenyewe. Za huku ni mbaya. Ungeniona sasa ungesema, "Nduku, umegombana na nani tena?" Nimekaa nyuma ya kaunta ya agrovet, duka letu la mbegu na dawa za mifugo, ni Jumapili mchana, duka limefungwa, na nakuandikia kwenye zile karatasi tunazofungia mbegu za sukuma. Kuna jambo nilikudanganya ukiwa kitandani. Wengine wote nimeshawaambia. Umebaki wewe.

Cyber yako imekuwa duka la kinyozi. Nikipita hapo napita upande wa pili wa barabara. Ile kompyuta iliyobeba ulimwengu wetu wa mchezo mama yako alinipa mimi, na iko hapa nyuma, kati ya magunia ya chakula cha kuku. Inaunguruma vilevile. Mkubwa wangu analalamika kuhusu stima, nami namwambia anyamaze, na mpaka leo hajanifuta kazi.

Unakumbuka vile nilivyokucheka mwanzoni? Mtu mzima, ana cyber yake, anafaa kuwachapia watu barua na kuwatolea kopi, lakini amekaa anapanga matofali ya uongo kwenye skrini na watu ambao hajawahi kuwaona. Ulinivutia kiti tu. Wiki mbili baadaye nilikuwa na shamba la matuta huko ndani na nakugombeza kwamba mbuzi wako wanamaliza mahindi yangu. Watu wakazidi kuja: yule dada wa Masinga anayeuza samaki, mwalimu wa Katelembo, fundi wa Tanga aliyekuwa akitusahihisha Kiswahili mpaka tukachoka naye. Mahali pakaitwa Kwa Kyalo, vile huku kwetu kila kona ni kwa fulani.

Na penye watu hapakosi waharibifu. Wachezaji wanawaita magriefa, wewe uliwaita nzige. Nzige anaingia, hajengi, hatafuti chochote, anamwaga moto kwenye ghala la mtu kisha anakaa kando amsikilize akilia. Hiyo ndiyo raha yake yote. Mimi dawa yangu ilikuwa moja: mfungie nje na asirudi tena. Wewe ukakataa. Ukasema kwenu Kathiani mtu akiharibu mtaro wa jirani hafukuzwi kijijini. Anaitwa kwenye mwethya, kazi ya pamoja ya majirani, na siku hiyo anachimba mwenyewe, na majirani wote wanachimba pembeni yake, halafu watu wanakula isyo, mahindi na maharagwe, kutoka sufuria moja na maneno yanaishia hapo. Ukaifanya sheria. Nzige akishikwa anaitwa Jumamosi saa nane. Anajenga alichobomoa mbele ya kila mtu, sisi tukimsaidia, na akimaliza amekuwa mwenyeji. Asipokuja, hapo ndipo mlango unafungwa.

Nilikuambia huko ni kubembeleza wezi. Tuligombana juu yake mpaka mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akatusihi tuwafikirie watoto. Watoto gani, jamani. Lakini sheria yako ilifanya kazi, hilo siwezi kukunyima. Mwalimu wa Katelembo mwenyewe alianza kama nzige, alichoma choo cha fundi wa Tanga, na leo ndiye mtu mpole kuliko wote. Ulikuwa unasema, "Ukimfukuza mtu, umempa kazi ya kurudi." Nilikuwa nakuona mshamba.

Halafu akaja Kunguru. Hilo ndilo jina alilojipa. Alichoma soko zima, vibanda kumi na saba, akaandika kwenye jivu kwamba sisi ni washamba wa Ukambani tuliopewa kompyuta na serikali. Ukamtafuta, mkaandikiana siku mbili, muda mrefu kuliko alivyostahili. Ukaniambia, "Atakuja Jumamosi. Huyu atakuja." Uliyasema ukitabasamu, na sikuelewa furaha ilikuwa ya nini. Ijumaa ulienda kusafishwa damu kama kawaida, ukazimia kwenye kiti, wakakulaza.

Ulinipa jina lako na neno la siri, kwa sababu ni wewe tu uliyekuwa na uwezo wa kufungua na kufunga. Ukaniambia nisimamie mwethya.

Sasa nisikilize. Jumamosi hiyo nilitoka wodini saa sita. Nilikuwa nimeona miguu yako vile ilivyovimba. Nilikuwa nimemwona daktari akiongea na mama yako kwenye korido kwa ile sauti ya chini, naye mama yako akiitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeelekezwa njia. Nikaenda cyber, nikaingia kwa jina lako, na Kunguru alikuja.

Alikuja, Kyalo. Alijenga mpaka saa kumi na mbili. Alipoweka tofali la mwisho aliandika, "Bosi, niko sawa sasa?" Mimi nilikuwa na hasira ambayo haikuwa yake. Nilikuwa nataka mtu mmoja, hata mmoja tu, aumie siku hiyo badala yako. Nikamwandikia, "Ulidhani?" Nikamfungia nje mbele ya watu ishirini. Na juu ya maneno hayo palikuwa na jina lako.

Jumapili nikakuletea uji. Hukuuangalia. Uliuliza, "Alikuja?"

Nikasema hapana.

Ukageukia ukuta. Ukasema, "Nilidhani atakuja." Nilikuwa bado na nafasi ya kusema kweli hapo, kikombe kikiwa mkononi. Nikaanza kukupozea uji. Nilijiambia nakuficha usiumie. Uongo mtupu, nilikuwa najificha mimi. Wenzetu nao waliona jina lako, wakadhani ugonjwa umekubadilisha roho, wakaogopa kukuuliza. Nikawaacha wadhani hivyo. Niliwaambia daktari amekataza usisumbuliwe na mambo ya mchezo, wakatii.

Hukuita mwethya mwingine tena. Ulianza nyumba ya mama yako.

Ulikuwa umemwahidi nyumba ya mawe tangu ulipomaliza shule, na figo zikala kila kitu. Kwa hivyo ukamjengea kule ndani, kwa simu, dole gumba moja, mkono mwingine ukiwa na mrija. Wiki tano. Jiko la pembeni lenye tundu la kutolea moshi. Veranda inayotazama kilima. Mparachichi nyuma. Dirisha la chumba chake uliliweka chini kabisa, aweze kuona mbuzi akiwa ameketi, maana magoti yake ni mabaya. Alikuwa akishuka kutoka Kathiani siku za soko, anakuona hospitali, kisha anapitia cyber nimtembeze ndani. Mara ya kwanza nilifikiri hataelewa. Alielewa kuliko mimi. Alivua viatu mlangoni pa cyber. Alisema, "Hii ndiyo nyumba nimejengewa, mwanangu." Aliyekuwa akimwita mwanangu ni mimi.

Ulikufa Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nampimia mtu dawa ya kupe. Nilimaliza kupima, nikamfungia, nikamwambia achanganye na maji kiasi gani, ndipo nikaketi chini.

Tulikuzika Kathiani. Watu wa mbali hawakuweza kufika, wa Tanga, wa Masinga, yule wa Eldoret, wakaomba wakukalie matanga kule ndani Jumamosi. Nikafungua mlango kwa kila mtu. Usiniulize kwa nini. Wewe mwenyewe unajua matanga hayafungiwi mlango. Hata mliyekosana naye akija anapewa kiti. Nilitaka, angalau mara moja, nifanye kitu vile wewe ungefanya.

Wakaja wengi. Walisimama kwenye kilima, mbele ya nyumba ya mama yako, wameshika mienge. Mama yako alikuwa kwa kiti chako pale cyber, leso mabegani, namsomea majina ya waliokuja. Aliuliza kila mmoja anatoka wapi. Walikuwepo watano wenye majina mageni, wamevaa nyeusi, wametulia. Mama yako alisema hao watano wana heshima.

Baruti ilianzia kwa chumba chake.

Sitakueleza yote. Waliposhuka sokoni mimi nilikuwa bado nabonyeza vitu bila kujua nabonyeza nini. Wenzetu walikuwa wanaandika, "Acheni, ni matanga," na wale wanacheka. Wakaacha kibao kimesimama kwenye shimo, kimeandikwa JENGENI TENA. Nikazima skrini. Mama yako aliendelea kuangalia ile skrini nyeusi. Akasema kwa Kikamba, polepole, kwamba wamechoma nyumba yake. Halafu akauliza kama basi la kurudi bado lipo.

Nakala ya akiba uliyoiweka kabla Kunguru hajachoma mara ya kwanza ilirudisha soko, matuta, daraja, hata mbuzi wako wale walafi. Nyumba ya mama haikuwa kwenye nakala. Ulikuwa umeniagiza niweke nakala mpya kila Jumapili, na kila Jumapili nilisema kesho. Nilipopanda kilima kuangalia, palikuwa na nyasi. Nyasi nzuri, za kijani, kana kwamba hukuwahi kufika hapo.

Siku ya tatu Kunguru akatuma ujumbe wa sauti kwenye kikundi chetu. Hakuwa akicheka sana vile nilivyotarajia. "Mwambieni huyo admin wenu huko alikoenda, mi nilijenga nikamaliza. Sasa tuko sawa." Watu wakaulizana anamaanisha nini. Nikajitia sijui. Lakini mwalimu wa Katelembo alikuwa ameenda kumpa mama yako pole, na mama yako akaomba kuusikia. Akausikiliza mara mbili. Akasema huyo si mtu wa kucheza tu, huyo ni mtu amekosewa. Akataka aitwe, aje amwambie uso kwa uso mwanawe alimkosea nini.

Unaona nilivyonaswa? Kunguru akija, atamwambia mama yako kwamba Kyalo alimwita kwa mapatano, akamfanyisha kazi nusu siku, akamfukuza kama mbwa. Naye atakuwa anasema vile alivyoona kwa macho yake. Mama yako atabaki na hilo. Hana nyumba, hana wewe, na sasa hata ile sifa kwamba mwanawe alikuwa mtu wa haki amenyang'anywa. Nilikuwa na wiki moja ya kusema. Nilipanda hadi Kathiani Jumanne na unga na majani chai, nikakaa jikoni kwake, nikasifu kuku wake, nikarudi. Alhamisi vilevile. Mdomo huu unaosema watu wote wa Machakos ulikataa kufunguka.

Mama yako alimpigia simu mwenyewe, akiwa amenipa mgongo. Jumamosi Kunguru akafika hapa agrovet, mama yako akiwa ameshuka kumngoja. Nilitarajia shetani. Ni kijana mwembamba wa miaka ishirini na mbili, Brian, anafanya kazi ya zamu kwenye kiwanda upande wa Mavoko, alikuwa ametoka zamu bila kulala na amebeba mkate na maziwa kwa sababu alijua anaenda kumwona mama wa watu. Hakujua matanga yale yalikuwa na mama ndani yake, alisema hivyo akiwa bado amesimama mlangoni. "Ningejua ni nyumba ya mathake, singeguza." Mama yako akamwonyesha gunia la kukalia. Akamuuliza, "Mwanangu alikukosea nini?"

Akaeleza. Hakuongeza chumvi. Aliposema "akanifungia nje mbele ya wasee wote," mama yako alisema, "Kyalo?" Akanigeukia. Alikuwa ananiomba nikatae, Kyalo. Macho yake yote yalikuwa yananiomba niseme huyu kijana anadanganya. Na ningeweza. Ningesema neno moja, angeniamini mimi.

Nikasema, "Ni mimi. Nilikuwa nimeingia kwa jina la Kyalo. Kyalo alikuwa wodini. Nilimwambia huyu hakuja."

Nikaongea mpaka mwisho, na nikamaliza, na hakuna aliyenisaidia. Kuna mteja aliingia akataka dawa ya minyoo, mama yako akamwambia arudi baadaye, tumefiwa.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliniambia, "Sitasema nimekusamehe, kwa sababu sijakusamehe. Huyu ataijenga nyumba yangu, na wewe utaijenga pamoja naye. Jumamosi, saa nane." Halafu akavunja ule mkate, akampa Brian, akanipa mimi, akala. Nilikula.

Brian naye hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja tu. "Yeye alijua nilikuja?"

Nikamwambia hapana, alikufa akijua hukuja.

Alitoka nje akasimama kando ya magunia ya mbolea kwa muda mrefu, watu wakimpita. Aliporudi alisema, "Basi mwambie." Kama mtu anayetuma salamu na unaenda upande huo. Nikamjibu kwamba hakuna njia. Akasema, "Hiyo utajua wewe. Wewe ndiye ulimwambia ingine."

Tumejenga Jumamosi tatu. Wenzetu wote wamekuja, hata wale walioapa hawatamwona Kunguru wakamwacha, na wote niliwaambia, mmoja mmoja, ni nani aliyeandika "Ulidhani" siku ile. Dada wa Masinga hajanisemesha tangu hapo. Mama yako anakaa hapa kati ya magunia na anatuelekeza kwa kumbukumbu: ukuta huu ulikuwa mrefu, hapana, ngazi zilikuwa tatu. Anamwita Brian kwa jina lake. Mimi ananiita "wewe" tu. Jana tulifika dirishani, tukalibomoa na kulirudisha mara nne, na kila mara alisema bado. Mwisho akasema liache hapo hapo, amechoka. Haliko mahali ulipoliweka. Sote tulijua, na hakuna aliyejua lirudi wapi. Itakuwa nyumba, na mbuzi wataonekana kutoka ndani, lakini zile wiki tano zako hazimo, na sina wa kumlilia kwa sababu kazi ya kuweka nakala ilikuwa mkononi mwangu.

Basi nakuambia, kwa sababu nimetumwa, na kwa sababu ni haki yako.

Alikuja. Alifika saa nane kasoro, kabla ya wenzetu wote, na hakungoja kuonyeshwa. Alikuwa amechora vibanda vyote kumi na saba kwenye karatasi kabla ya kuvichoma au baada, sijui, lakini alijua kila kimoja kilikuwa wapi. Alikuuliza wewe kama kibanda cha miwa kilikuwa na kitambaa cha kijani ama cha bluu, na mimi niliyekuwa ndani ya jina lako sikumjibu, akakiwekea vyote viwili. Mwalimu alipochoka alimalizia sehemu ya mwalimu. Aliomba msamaha kwa lile neno la washamba, bila kuambiwa. Uliyasema yote kabla hayajatokea, na ukalala ukitazama ukuta ukidhani ulikosea juu ya mtu. Hukukosea.

Jina lako nimelifunga jana jioni. Uwezo wote nimeuhamishia kwa mwalimu na mimi nimebaki na langu, Nduku, ambalo haliwezi kumfungia mtu yeyote. Nakuahidi sitasema neno tena kwa jina la mtu asiyeweza kujibu. Na Jumamosi saa nane nitakuwa pale, mama yako anisemeshe au asinisemeshe, mpaka aseme yeye imetosha.

Lala sasa, Kyalo. Ulimngoja bure, na aliyekufanya ungoje bure ni mimi.

Nduku